Kasha la Siku Tisa

3 Machi

Mpwa wangu,

Baba yako hakuivunja ile mashine ya eksirei. Nimelijua hilo kwa miaka ishirini na sita na nimelificha kwa miaka ishirini na sita. Leo nalitanguliza kabla ya salamu, kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu.

Salamu, basi. Moyo wangu umechoka, miguu imejaa maji, na daktari ananiangalia kama nilivyokuwa nikiangalia mashine ambayo vipuri vyake vimeacha kutengenezwa. Simu usinipigie. Masikio yamenitangulia. Ujumbe nao siwezi kuuandika, kidole kinatetemeka na kubonyeza herufi tatu kwa mpigo. Juzi nilimwomba mkamwana wangu maji kwa njia hiyo, akaja mbio na mshumaa. Kalamu bado inanitii kidogo.

Umeniuliza kuhusu mashine hii nyingine mliyopewa na hospitali inayofungwa huku kwetu. Ni yenu bure mradi muiondoe kabla mwezi haujaisha, na unataka njia ya bei nafuu ya kuifikisha huko, kilomita elfu moja na mia mbili. Ndege isahau. Kwa kilo mia saba, nauli yake ingewanunulia nyingine. Kontena la kuchangiana na wafanyabiashara ni nafuu, ila linangoja lijae, na wanaolipakua hawajui mzigo wenu ni upi. Treni ya mizigo inaonekana rahisi ukiitazama kwenye karatasi. Lakini mabehewa hugonganishwa yanapoungwa, na kioo, mwanangu, hakiogopi mwendo, kinaogopa kushtuliwa. Lori la kukodi mtalilipia kwenda na kurudi.

Njia iliyo bora ni lori linalorudi tupu. Safari ya kuja imeshalipwa na mwenye mzigo wake, kwa hiyo ya kurudi mnachangia mafuta tu. Na lori hilo mnalo. Baba yako huleta vitunguu huku kila baada ya wiki mbili tatu na kurudi na magunia matupu. Mpeni yeye. Akifunga mzigo, umefungwa.

Najua watakachosema hao wa kamati ya zahanati yako. Waambie kwamba mimi niliyeiandika ile ripoti ya mashine ya kwanza nasema hakuivunja.

Jana alikuwa hapa. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akaifunua miguu yangu, akasema, "Shemeji, hii ukiiweka kwenye mizani ya vitunguu unapata gunia zima." Nilicheka mpaka nikakohoa. Angeweza kukuletea barua hii bure. Nimeituma kwa basi.

Mjomba wako

*

8 Machi

Shikamoo Mjomba,

Mstari wako wa kwanza niliusoma nimesimama, nikakaa, nikausoma tena. Kisha nikasoma barua yote nikitafuta mstari unaoufuata, sikuuona. Kama si Baba, ni nani?

Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka aliporudi na sare yake ya udereva kwenye mfuko wa plastiki, na Mama akaipokea kama mtu anayepokea nguo za marehemu. Wewe unajua kwa nini waliwahi kumwita Polepole. Hata lori likiwa tupu aliendesha kana kwamba amepakia mayai. Baada ya ripoti yako jina lilibaki lile lile, ila watu walianza kulitaja huku wanacheka. Shuleni waliniimbia. Mama alikufa akiamini kwamba mumewe alisinzia njiani, na Mama alikuwa dada yako, Mjomba.

Niliwasomea kamati sentensi yako. Mwenyekiti alisema, "Polepole? Yule aliyetuvunjia ya kwanza? Afadhali tuifunge kwenye mkia wa punda."

Katibu akadakia, "Punda angalau hana rekodi."

Wakacheka. Na mimi nikacheka nao, Mungu anisamehe, kwa kuwa naihitaji hiyo mashine kuliko ninavyohitaji kuheshimiwa. Wiki iliyopita aliletwa mwashi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa. Nilimpapasa mkono kwa vidole, nikakisia. Hivi ndivyo tunavyofanya hapa tangu ile ya kwanza ifike imekufa: tunakisia. Alikwenda kutwa nzima kwa basi hadi penye eksirei, akarudi mkono umeanza kuunga ukiwa umepinda. Ni mkono wake wa kulia.

Wamechagua treni. Watakutana tena tarehe 19, na baada ya hapo hawatabadilisha. Tafadhali iandikie kamati moja kwa moja. Eleza nini kiliivunja. Nitasoma kwa sauti, neno kwa neno.

Mpwa wako

*

13 Machi

Mpwa wangu,

Karatasi ya kamati nimeiambatisha. Nimeandika kwamba upakiaji wa mara ile ulikuwa hafifu: niliizungushia ile taa ya kioo pumba za mbao badala ya sponji, na kosa hilo ni langu wala si la dereva. Nimetia sahihi. Mkamwana amekuwa shahidi.

Sasa nisikilize kuhusu hii ya pili, kwa njia yoyote itakayosafiri.

Meza, nguzo na sanduku la umeme ni vyuma. Vifungeni kwa kamba na blanketi, vitafika. Vile vyuma vizito vinavyopanda na kushuka ndani ya nguzo vifungwe visicheze, la sivyo vitakuwa nyundo njia nzima. Roho ya mashine ni taa. Ni kioo chenye ukubwa wa chupa, ndani hakuna hata hewa, na ndiyo inayotoa ile miale. Ifunguliwe kwenye mkono wa mashine na isafiri peke yake. Itieni kwenye kasha dogo lenye sponji. Kasha dogo mlining'inize ndani ya kasha kubwa kwa vipande vya mpira wa gurudumu, pembe zote nane, lisiguse ubao popote. Chora mshale unaoelekea juu kila upande. Na asafiri mtu anayejua ndani kuna nini. Sponji na mpira ni vitu vizuri, lakini havijui kusema "taratibu jamani".

Ndiyo maana narudia, mpeni baba yako.

Mwambie mwashi nimesikitika.

Mjomba wako

*

20 Machi

Mjomba,

Nilisoma karatasi yako mbele yao jana. Mwenyekiti akasema, "Sawa, mfungaji alifunga vibaya na dereva akaendesha vibaya. Wamekutana." Kisha akamgeukia mzee mmoja, fundi umeme wa kinu cha kusaga. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, maana sijalala tangu niyasikie.

"Mimi nilikuwepo siku kasha lile lilipofunguliwa," alisema. "Hakukuwa na ubao uliolegea. Pumba zilikuwa zimetulia kama zilivyomwagwa. Ukitikisa kasha zima mpaka kioo kivunjike, na kasha lenyewe linasema. Lile halikusema kitu. Muulize mjomba wako, binti, kuna mtu aliyeiwasha kabla haijafungwa?"

Mwenyekiti akasema hayo ni ya zamani, piga kura. Treni. Kasha litachukuliwa tarehe 29.

Nilimwendea Baba nikamweleza yote. Hakukasirika. Alisema tu, "Msimsumbue mzee, anaumwa." Kisha akaanza kunisimulia ile safari, na mimi katika umri wangu wote sikuwahi kuisikia. Kwamba ilimchukua siku tisa njia ya siku tatu. Kwamba alilala juu ya turubai kando ya kasha, siku zote hizo. Kwamba alipokuta barabara mbaya alimpa utingo usukani, yeye akapanda nyuma na kulikumbatia kasha kwa mikono miwili ili mtikisiko umwingie yeye.

Mjomba, kuna mtu aliyeiwasha?

Ukiwa na la kusema, lifike kabla ya tarehe 29.

Mpwa wako

*

24 Machi

Kwa shemeji yangu, mgonjwa maarufu,

Nimefika jana na vitunguu, leo nimepita kwako, nikaambiwa umelala na usiamshwe. Nikasema huyo hajalala, anajifanya, hataki kunipa kiti. Nimekaa barazani naandika hapa hapa. Mkamwana kanipa kalamu inayovuja, kwa hiyo madoa si machozi.

Leo asubuhi nimekwenda ghala la hospitali kuiona mashine ya binti yangu. Wanaume wanne walikuwa wanaisukuma kama wanasukuma kabati. Nikawaambia hebu simameni, nani kasoma maelezo? Hakuna. Nikayatoa mfukoni, binti alinipa nakala. Basi nimeifunga mwenyewe. Taa nimeining'iniza kwa mpira pembe nane kama ulivyoandika. Nimelitikisa kasha, limenyamaza kama kaburi. Mishale nimechora kumi na miwili. Jamaa mmoja kaniuliza, "Mzee, ni wewe unayeibeba?" Nikamwambia hapana, mimi nafunga tu, kubeba nimekatazwa. Tukacheka. Lori langu lilikuwa nje tupu, mlango wa nyuma wazi.

Nina jambo moja. Usimwandikie tena mtoto mambo ya ile ripoti. Anahangaika, na mimi nimeshazoea. Uliandika ulichokiona, sina kinyongo, na ningekuwa nacho nisingekuletea vitunguu.

Ila nisaidie hili, kwa kuwa wewe ndiye uliyekikagua kile kioo na umesoma. Miaka yote hii naipita ile barabara kichwani, kona moja baada ya nyingine, natafuta ni wapi nilipoivunja. Kuna lile daraja la mbao, kilomita ya mia nne. Ubao wa tatu ulizama. Nilisimama, nikashuka, nikaweka sikio kwenye kasha, sikusikia kitu. Mpaka leo nikipita pale nazima redio. Halafu kuna mbuzi wa siku ya saba, aliingia barabarani ghafla nikafunga breki. Nilipaswa kumgonga, shemeji. Mbuzi mmoja.

Mpasuko ulionyeshaje? Kama ulianzia chini, ni daraja. Kama ulianzia ubavuni, ni mbuzi. Niambie ni upi tu. Nataka niache kutafuta.

Pona.

Polepole

*

26 Machi

Mpwa wangu,

Mwandiko huu ni wa mkamwana. Nimelazwa tangu juzi jioni, nimewekewa mpira wa hewa puani na mkono umefungwa kwenye ubao kwa ajili ya dripu.

Msiitie mashine kwenye treni. Mpeni baba yako, lori lake bado liko huku. Sababu ipo. Siwezi kuitamka mtu mwingine akiandika. Nitaiandika mwenyewe nikifunguliwa mkono.

Mjomba wako

*

5 Aprili

Mjomba,

Barua yako ilifika tarehe 31. Treni ilikwishaondoka siku mbili nyuma. Na hata ingewahi, ningewaambia nini kamati? "Sababu ipo"? Ilikuwa barua isiyo na kitu ndani.

Mashine imefika jana. Meza nzima. Nguzo nzima. Sanduku la umeme zima. Kwenye makutano ya reli waliihamishia behewa jingine, na kasha la taa wakalilaza ubavu chini ya mabati ya mtu. Mishale ya Baba ilikuwa inaelekea ukutani. Ubao wa upande mmoja umebonyea kwa ndani, mpira umekatika pembe tatu. Taa ni vipande.

Nilijua kabla sijafungua. Nililigusa tu likalia kama mfuko wa misumari.

Unajua mwenyekiti alisema nini? "Ndiyo mambo ya safari." Basi. Hakuna aliyeandika ripoti. Hakuna aliyerudisha sare, kuanzia kwa mpakiaji mpaka kwa dereva wa treni. Wameishusha mashine na kuiweka chumba cha nyuma, wakaifunika shuka. Taa mpya hatuiwezi, si mwaka huu wala ujao. Leo asubuhi nimempapasa mtoto bega. Nimekisia.

Baba alikuwepo tulipofungua. Alivua kofia, akachuchumaa, akapitisha kidole pale ubao ulipobonyea. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Kumbe hivi ndivyo kasha linavyokuwa taa ikivunjikia njiani."

Yule fundi umeme alikuwa mlangoni. Akasema, "Ndivyo."

Baba akauliza, "Na langu mimi halikuwa hivi?"

"Halikuwa."

Akavaa kofia, akaondoka. Tangu jana yuko ndani ya lori lake, amekaa tu kwenye usukani, injini imezimwa. Nikimpelekea chakula anapokea, anashukuru, anakiweka kwenye kiti cha utingo.

Mimi sihitaji kuandikiwa tena. Nadhani nimeshajua, na sitaki niwe wa kwanza kuambiwa. Mwandikie yeye.

Mpwa wako

*

9 Aprili

Shemeji yangu,

Wamenifungua mkono leo asubuhi. Daktari alimwambia jambo mkamwana pale mlangoni, wakadhani kwa kuwa sisikii basi na sioni. Naandika upesi. Herufi zikipinda, vumilia.

Barua yako ya barazani nilipewa siku ile ile uliyoiandika. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimefumba macho nikingoja uondoke.

Si daraja. Si mbuzi. Usizime redio tena pale.

Ile mashine ilikuwa imekaa ghalani miezi minne kabla ya safari yako. Taa ya eksirei iliyolala muda mrefu haiamshwi kwa kishindo. Unaipasha moto kwa nguvu ndogo, unaiacha ipumzike, unaongeza kidogo, tena na tena, nusu saa nzima. Ukiipa nguvu zote ikiwa baridi, inapasuka kwa ndani. Nililifundisha hilo chuoni kwa miaka kumi na mmoja. Mwanafunzi aliyelisahau kwenye mtihani nilimfelisha bila kusoma majibu yake mengine, na nilijisifu kwa hilo.

Asubuhi ya safari, kabla hujafika na kamba zako, mkuu wa hospitali aliingia ghalani na wageni watatu waliokuwa wameitoa mashine kama msaada. Akaniuliza, "Fundi, inafanya kazi kweli, au tunawapelekea watu chuma?" Wageni wakacheka. Mmoja alikuwa akitazama saa. Barua yangu ya kupandishwa cheo ilikuwa mezani kwa mkuu, nilijua, alikuwa ameniambia. Ningeweza kusema, "Nipeni nusu saa." Maneno matatu, shemeji. Niliona aibu kuwaweka wakubwa wakisubiri.

Nikaiwasha kwa nguvu zote.

Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu anavunja njiti ya kiberiti chumba cha pili. Kijitaa cha kwenye sanduku la umeme kikaendelea kuwaka, kwa hiyo wageni wakapiga makofi. Wakanipa mkono mmoja mmoja, wakaenda. Nikabaki nayo.

Ulipofika ulikuta nimeshaifunga. Ukaniuliza, wewe uliyemwoa dada yangu, kwa utani wako, "Basi huyu bibi harusi nimbebeje?" Nikakwambia umbebe kama mtoto mchanga. Ndivyo ulivyombeba.

Walipoikuta imevunjika walinileta huko kwa gari la hospitali ili niikague, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyesomea. Uliketi nje kwenye benchi, kofia magotini. Mpasuko wa baridi haufanani na mpasuko wa kugongwa, na katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyeweza kuitofautisha. Kwenye ripoti nilikuwa nimeandika "mtikisiko wa barabara". Nikafikiri kwamba barabara haiwezi kufukuzwa kazi, watauliza zaidi. Nikafuta, nikaandika "uzembe wa dereva".

Dada yangu alipokufa nilisimama kando yako kaburini, ukanishika bega kunifariji. Nilikuacha unishike.

Katika barua za kwanza kwa binti yako nilitaka upewe mzigo bila mimi kusema haya. Nilidhani sahihi yangu itatosha, kama ilivyotosha mara ile. Haikutosha, na sasa wana mashine ya pili chini ya shuka, na hiyo nayo nimeivunja mimi kwa kukaa kimya wiki tatu. Mpe binti yako karatasi hii aisome mbele ya kamati yote, na yule fundi umeme awepo. Mwashi pia, kama atapenda. Sikuombi unisamehe. Sitakuwa na nafasi ya kukuona ukijaribu, na isingekuwa haki kukuachia kazi hiyo ya kuifanya peke yako.

Uliniuliza mpasuko ulianzia wapi, na mimi ndiye ninayejua. Ulianzia ghalani, saa tatu na robo asubuhi, lori lako likiwa bado halijafika langoni. Niliusikia. Kisha nikamwaga pumba, nikapigilia misumari, na kwenye karatasi ya makabidhiano uliyoitia sahihi bila kuisoma, kwa kuwa niliyeiandika ni mimi, nikajaza kwa mkono wangu: *Imejaribiwa leo. Nzima.*

Shemeji yako